Mafaili ya Mfumo Yanayoharibika Tena na Tena: Mshauri wa Kompyuta Anajibu

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Tukuyu wilayani Rungwe. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Windows 10, ambayo ninaitumia kuandaa mitihani na kutunza alama za wanafunzi, na watoto huitumia kujisomea. Tangu mvua zianze imekuwa ikisumbua: mara menyu ya kuanzia haifunguki, mara programu zinajifunga zenyewe, mara skrini inageuka bluu na mashine inajiwasha upya. Fundi alinionyesha amri ya sfc /scannow. Kila ninapoitumia huniambia kwamba imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyatengeneza, lakini baada ya siku chache inasema hivyo hivyo. Fundi mwingine akapiga Windows upya, tukapumua kwa muda mfupi, kisha tatizo likarudi. Umeme wa mtaani kwetu hukatika mara kwa mara, hasa mvua zinaponyesha. Je, hivi ni virusi, au mashine imechoka?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Kabla ya amri nyingine yoyote, ninakuomba leo hii unakili mitihani, alama na picha za familia kwenye diski ya nje au flashi iliyo nzima, ufungue mafaili machache kuhakikisha yanasomeka, kisha uichomoe. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu kinachoharibu mafaili ya Windows hakichagui, na kinaweza kuharibu ya kwako vilevile. Mafaili ya Windows yanapatikana tena wakati wowote, ilhali alama ulizozijaza wewe mwenyewe hazipo kwingine.

Amri ya sfc hukagua mafaili yanayolindwa na Windows, huyalinganisha na nakala zilizomo katika ghala lake ndani ya folda ya C:\Windows\WinSxS, na inapokuta faili limebadilika hulirudisha kama lilivyokuwa. Kazi yake inaishia hapo. Haijui kilicholiharibu faili, haichunguzi afya ya diski, haipimi RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi), wala haina habari za umeme wa nyumba yako. Ikihitajika mara moja baada ya ajali, inatosha. Ikihitajika tena baada ya siku chache, maana yake ni kwamba kipo kitu kinachoendelea kuharibu. Kupiga Windows upya nako hakukusaidia kwa sababu iyo hiyo: Windows mpya iliwekwa juu ya diski ileile, ikapitia RAM ileile, ikawashwa kwenye soketi ileile. Ninasikitika kuona wasomaji wengi wa nyanda zetu za juu wakilipia kazi hiyo mara mbili na mara tatu bila mtu yeyote kuwapimia diski.

Virusi nisingevianza. Pima, naam, kwa programu ya kinga iliyomo ndani ya Windows, ukichagua ukaguzi ule unaofanyika kabla mfumo haujawaka; lakini dalili ulizozieleza, zinazobadilika badilika na kurudi hata baada ya Windows mpya, huelekeza zaidi kwenye vifaa na umeme.

Kuna swali moja ambalo jibu lake litatuokolea muda mwingi: je, mafaili yanayoharibika ni yaleyale kila mara, au ni mapya kila mara? Sfc huandika kila inachokikuta katika faili la kumbukumbu liitwalo CBS.log. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

findstr /c:"[SR]" %windir%\Logs\CBS\CBS.log >"%userprofile%\Desktop\sfc.txt"

Utapata kwenye eneokazi lako faili la maandishi lenye mistari ya sfc pekee, pamoja na majina ya mafaili yaliyotengenezwa. Lihifadhi kwa jina lenye tarehe, na mara nyingine tatizo likitokea utoe lingine uyalinganishe. Majina yakiwa yaleyale, mara nyingi kuna programu inayoyabadilisha, au ghala lenyewe la nakala limeharibika. Majina yakibadilika kila mara bila mpangilio, tazama diski, RAM na umeme.

Hatua inayofuata ni kusoma kumbukumbu za matukio. Andika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue kumbukumbu za Windows na kisha zile za mfumo. Tafuta namba hizi. Namba 41 inayotoka kwa Kernel-Power, pamoja na 6008, huonyesha kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Linganisha saa zake na saa ambazo umeme ulikatika. Zikilingana, umepata angalau sehemu ya jibu. Ukikuta 41 wakati taa za nyumba zilikuwa zinawaka, huenda pawa saplai ya mashine imechoka, au ile skrini ya bluu ndiyo iliyoizima. Namba 7 inayotoka kwa diski humaanisha kwamba imekutwa sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha diski kisichohifadhi data ipasavyo; namba 153 huonyesha kwamba ombi la kusoma au kuandika lililazimika kurudiwa; na namba 55 ya Ntfs husema kwamba mpangilio wa mafaili kwenye diski umevurugika.

Umeme unapokatika ghafla, data iliyokuwa bado inasubiri kuandikwa kwenye diski hupotea. Mfumo wa NTFS, ambao Windows hutumia kupanga mafaili, una daftari lake la kumbukumbu linalouwezesha kurudisha mpangilio wa folda na majina baada ya ajali kama hiyo, na kwa sababu hiyo mashine huwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini daftari hilo hulinda mpangilio, halilindi maudhui ya kila faili. Kama wakati huo Windows ilikuwa inaweka masasisho, jambo ambalo hulifanya chinichini bila kukuuliza, mafaili ya mfumo ndiyo yaliyokuwa wazi kuandikwa, na ndiyo yatakayoumia. Kwa mashine ya mezani isiyo na betri, katika wilaya yenye mvua nyingi na radi kama Rungwe, hili linatosha kuwa chanzo kamili.

Lipo pia suala la mazoea. Katika nyumba nyingi mtu akishamaliza kazi hubonyeza kuzima, skrini inapoingia giza huzima soketi papo hapo. Skrini huweza kuwa giza huku diski bado inaandika. Tena, kwa kawaida Windows 10 na 11 haifungi kila kitu unapoizima. Huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho yake, na kosa lililoingia katika hali hiyo huweza kurudi pamoja nayo. Kwa mashine yenye matatizo kama yako ninashauri utaratibu huo uondolewe kwa amri hii:

powercfg /h off

Waeleze na watoto wasubiri feni na taa za mashine zizime kabisa ndipo waguse soketi.

Sasa diski. Kila diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, nazo zinasomwa kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Usiridhike na neno la jumla linalosema hali ni nzuri. Katika diski za sahani zinazozunguka (HDD) tazama mistari yenye namba 05, C5, C6 na C7. Ya 05 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, C5 huhesabu zinazosubiri uamuzi, na C6 zile zilizoshindikana kusomeka. Safu ya namba ghafi ikiwa sifuri, ni heri. Ikiwa na hesabu inayoongezeka wiki hadi wiki, diski hiyo inakufa, na fedha ya kuitengeneza ni bora iende kwenye diski mpya. C7 ni habari tofauti na ya kutia moyo: huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha kebo ya SATA, kitu cha bei ndogo ambacho mafundi hukisahau. Hesabu ya C7 hairudi nyuma hata baada ya kebo kubadilishwa, kwa hiyo cha kutazama ni kama imeacha kupanda.

Hapa ninatoa tahadhari ambayo naiona muhimu kuliko zote zilizobaki. Mafundi wengi huanza na amri ya chkdsk C: /r, inayosoma diski nzima sekta kwa sekta. Kwenye diski yenye afya haina madhara, ila kwenye diski kubwa huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati unaongeza tatizo juu ya tatizo. Kwenye diski inayokufa, kazi hiyo nzito huweza kuwa ndiyo inayoimaliza. Soma afya ya diski kwanza, nakili vitu vyako, ndipo uamue kuhusu chkdsk. Mara nyingi chkdsk C: /f, isiyopekua kila sekta, inatosha kunyoosha mpangilio wa mafaili.

Diski ikionekana nzima, geukia RAM. RAM mbovu hudanganya kwa namna ya pekee. Faili likiwa salama kwenye diski, sfc italisoma kupitia RAM, na biti moja tu ikigeuka njiani italiona limeharibika. Itachukua nakala kutoka ghalani, itaipitisha katika RAM hiyo hiyo mbovu, na huenda ikaandika uharibifu mahali ambapo hapakuwa nao. Mashine ya namna hiyo hutengenezwa huku ikiharibiwa. Andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia, kubali mashine ijiwashe upya, na kipimo kikianza bonyeza F1 uchague kile kirefu zaidi. Kipimo kinachoaminika zaidi ni MemTest86, kinachowashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa kifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki. Likitokea, zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa vijiti vya RAM, safisha meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio laini, virudishe na upime kimoja kimoja katika tundu moja. Utakijua kibovu ni kipi, au kama ubovu uko kwenye tundu.

Ukishakipata chanzo na kukiondoa, hapo ndipo amri za kutengeneza zinapofaa. Anza na ghala la nakala:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza, endesha sfc /scannow, washa mashine upya, na uiendeshe tena. Ikisema hakuna faili lililovunjwa, iache siku kadhaa za matumizi ya kawaida, kisha ukague. Ikiwa bado kuna mafaili yasiyotengenezeka ilhali vifaa ni vizima, yapo matengenezo yanayofanyika kwa kuendesha setup kutoka kwenye faili la ISO la Windows (nakala kamili ya diski ya kuwekea Windows) ukiwa ndani ya Windows yenyewe na kuchagua kubaki na mafaili na programu zako. Elewa pia kwamba huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Si hilo linalokuharibia mafaili, lakini kabla ya kununua RAM au diski kwa ajili ya mashine hiyo, uliza kama inaweza kupokea Windows 11, inayodai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, ambacho mashine nyingi za zamani hazina.

SWALI: Nipo Mafinga, ninatumia kompyuta mpakato. Sfc inataja mafaili yaleyale kila siku. Inayatengeneza, nikiwasha kesho yake yameharibika tena. Diski nimepimisha, iko vizuri. Windows yangu niliwekewa dukani, na aliyeniwekea aliniambia nisizime kiprogramu fulani kinachojiwasha chenyewe.

JIBU: Kiprogramu hicho ndicho ninachokishuku. Windows isiyo na leseni mara nyingi huwezeshwa kwa viprogramu vinavyobadilisha mafaili ya mfumo ili yaseme kwamba leseni ipo. Sfc huyaona mafaili hayo kuwa yamevunjwa, na kwa kweli yamevunjwa, huyarudisha katika hali ya asili. Mashine ikiwaka kesho, kiprogramu kile huyabadilisha tena. Wawili hao watapokezana bila kikomo, wala hakuna kipimo cha diski wala RAM kitakachokuonyesha kosa.

Ninaelewa kwamba bei ya leseni ni mzigo kwa familia nyingi. Hata hivyo viprogramu hivyo huomba mamlaka yote ya mashine na mara nyingi hukutaka uzime antivairasi kwanza, kwa hiyo hujui kingine kilichoingia pamoja navyo, nawe pengine unafungulia humo akaunti yako ya benki. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zilitoka kiwandani zikiwa na leseni halali iliyoandikwa ndani ya ubao mkuu. Fungua dirisha la PowerShell na uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikitokea namba ya herufi na tarakimu 25, unayo leseni. Nakili mafaili yako, weka Windows safi ya toleo lilelile iliyopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft, nayo itajitambua. Isipotokea namba yoyote, bado ninashauri Windows safi: ile isiyowezeshwa hukunyima baadhi ya mipangilio ya mwonekano na kukukumbusha mara kwa mara, lakini inafanya kazi na haiharibu mafaili yake yenyewe.

Nikamilishe kwa kusema kwamba si kila faili linalorudiwa ni la hila. Mwezi Julai 2019 sasisho la antivairasi ya Windows yenyewe lilisababisha sfc itangaze kwamba baadhi ya mafaili ya kinga hiyo yameharibika, ilhali hayakuwa na tatizo lolote, na Microsoft ikakiri hivyo. Kwa hiyo majina ya mafaili yasomwe kabla ya hukumu.

SWALI: Ninaandika kutoka Mwanjelwa, jijini Mbeya. Amri ya DISM inasimama kwenye asilimia 62 na baadaye inaleta kosa kwamba chanzo cha mafaili hakikupatikana. Nimejaribu mara nyingi, bando limekwisha.

JIBU: Kusimama karibu na asilimia 62 ni jambo la kawaida na peke yake si kosa; iache iendelee. Kosa la chanzo kutopatikana ndilo la kushughulikia. DISM huchukua mafaili mazima kutoka seva za masasisho za Microsoft, hivyo bando likiisha au mtandao ukiyumba inashindwa.

Kabla ya kununua bando lingine, tazama saa na tarehe ya mashine. Kompyuta za zamani huwa na kibetri cha CR2032 kwenye ubao mkuu kinachotunza saa umeme usipokuwepo. Kikiisha, kila ukizima soketi tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na mashine yenye tarehe ya uongo hukataa vyeti vya usalama vya seva, hata intaneti ikiwa nzuri. Badilisha kibetri, sahihisha tarehe, jaribu tena.

Ikishindikana, tafuta faili la ISO la toleo lilelile la Windows, lugha ileile, na ikiwezekana namba ileile ya sasisho kuu. Unaweza kulipakua mara moja mahali penye Wi-Fi na kulibeba kwa flashi. Lifungue kwa kubofya mara mbili, tazama herufi ya diski iliyojitokeza, tuseme E, kisha uangalie ndani ya folda ya sources kama kuna install.wim. Kama lipo, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Ukikuta install.esd badala yake, andika esd katika sehemu zote mbili zilizoandikwa wim. Tarakimu 1 ya mwisho ni namba ya toleo ndani ya faili hilo, nayo hutofautiana. Ijue kwanza kwa amri ya DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim, uchague inayolingana na Windows yako, iwe Home au Pro.

SWALI: Niko Iringa mjini. Nimeshauriwa ninunue stebilaiza ili mafaili yasiharibike. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi kwa tatizo hilo. Stebilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka ili ukaribie volti 230 zinazotakiwa, jambo lenye faida kwa pawa saplai na kwa friji, lakini haina akiba. Umeme ukikatika nayo inakatika. Kinachookoa mafaili ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme unapokatika. Kwa kompyuta ya mezani ya kawaida na skrini yake, UPS yenye uwezo wa VA 650 hukupa dakika chache, nazo zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Chagua yenye usawazishaji wa volti ndani yake, ili usihitaji stebilaiza, na ikiwezekana yenye kebo ya USB, kwa sababu Windows huitambua kama betri na kuweza kuizima mashine yenyewe hata usipokuwepo. Printa ya leza usiichomeke humo. Huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Soketi iwe na waya wa erthi uliofungwa kweli, kwa kuwa bila huo kinga ya mipigo ya umeme haifanyi kazi yake. Radi inapokaribia, chomoa ukutani UPS pamoja na waya wowote wa intaneti au antena unaofika kwenye mashine. Hakuna kifaa cha bei ya nyumbani kinachohimili radi iliyopiga karibu.

Betri ya UPS ya kawaida hudumu takriban miaka 3 hadi 5, halafu hubaki kasha linalowaka taa. Ukinunua iliyotumika, au ukiwa na ya zamani, ijaribu hivi: funga kazi zote, acha kompyuta imewaka bila kitu muhimu kilichofunguliwa, kisha chomoa UPS ukutani. Mashine ikizimika papo hapo, nunua betri mpya kabla mvua hazijaanza.